Ukuta Wenye Kiu

Skrubu ya kwanza iliingia yenyewe. Philémon aliiegemeza tu mdomoni mwa tundu la ukutani, na kabla hajaishika bisibisi ikazama hadi kichwani, kana kwamba kuna mtu ndani aliyeivuta.

"Umeona?" akamwambia mkewe, akicheka. "Matundu iko tayari. Hata mashini ya kutoboa haina kazi."

Yolande hakucheka. Alikuwa ameshika ngazi kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa na vitambaa vinne alivyovichomoa mumewe kwenye matundu hayo. Vilikuwa vimeshindiliwa kwa nguvu na vilinuka jasho la mtu, jasho bichi, ingawa nyumba ile ya mtaa wa Ndendere ilikaa tupu tangu askari waliokuwa wakilala humo wahamishwe. Akavitupa motoni. Vita ya pili ya Kongo ilikuwa imeshika Kivu nzima, na aliyepata nyumba ya matofali Bukavu hakuuliza nani alikuwa humo kabla yake. Philémon, mwalimu wa chuo kikuu, alitaka televisheni ikae juu kwa sababu ya binti yao Élodie, mwenye miaka mitatu na mikono isiyotulia.

Asubuhi iliyofuata Yolande alimwekea mtoto kikombe cha maji mezani, chini ya televisheni, akageuka kukata mkate. Alipogeuka tena kikombe kilikuwa kikavu, hakina hata tone, na mtoto bado alikuwa mlangoni akivaa viatu.

Adhuhuri umeme ulikatika. Katika kimya kile akasikia mtu akimeza. Mmezo mmoja, kisha mwingine, wa koo lililokauka. Sauti ilitoka nyuma ya televisheni. Alipokimbilia jikoni alikuta dumu, ile bidoni aliyoijaza mwenyewe, ni nyepesi, haina maji, na sakafu haikulowa.

Kisha kiu ikamwingia Élodie. Alikunywa kikombe, akalia apewe kingine, akanywa hicho pia, na kadiri alivyokunywa ndivyo midomo yake ilivyopasuka na macho yake yalivyozama, hata muuguzi wa zahanati alipomtundikia seramu, maji ya mshipani, chupa ikaisha upesi ajabu na ngozi ya mkono ikabaki imekunjamana kama ya bibi kizee, na tangu alfajiri hakuwa amekojoa hata kidogo.

Zahanati haikuwa na chupa nyingine; wakamrudisha nyumbani. Yolande alikuwa amempakata pale sebuleni mtoto alipofungua kinywa, akaomba maji, kwa sauti nzito ya mwanamume aliyekwaruzika koo:

"Mayi."

Philémon akarudi nyuma hadi akagonga mlango. Hapo mlangoni alikuwa amesimama jirani yao, maman Agnès, aliyesikia kilio cha Yolande. Hakuthubutu kuvuka kizingiti.

"Mulitosha vitambaa," alinong'ona, mkono ukiiga mtu anayechomoa kitu.

"Bile nilichomoa?" Philémon akauliza.

"Bile bya mu ukuta. Ni mimi nilibishindilia." Akanyoosha kidole kwenye televisheni. "Baaskari balipiga vyuma ine pale, bakafungia kijana moja, Guylain, fundi wa baiskeli. Mikono, miguu. Alikuwa analomba mayi. Analomba, analomba. Avenue muzima tulisikia. Hakuna mutu alitoka."

"Na kisha?" Yolande akauliza kwa sauti ya chini, akimbana mtoto kifuani.

"Akanyamaza, akakufa. Balibeba maiti na vyuma, shati ikabakia. Balipoenda, niliingia kufagia. Ukuta ikaniomba mayi, maman Élodie. Ukuta! Nikapasula shati yake, nikaziba, nikakimbia."

Philémon alitoka, akarudi na maman Eulalie, mwanamke aliyejulikana hadi upande wa Kadutu kwa kuwaombea walioshikwa na mizimu. Eulalie alimgusa mtoto paji la uso, akatazama ukuta, akaamuru televisheni ishushwe. Skrubu zilitoka zikiwa na joto. Matundu manne yakabaki wazi, na kutoka humo ikaja pumzi yenye harufu ya mdomo wa mgonjwa.

"Nitasali," alisema, "lakini huyu analomba kile balimunyima. Alete yule alisikia."

Wote wakamtazama Agnès.

"Maman, naogopa."

"Najua. Leta."

Agnès alileta jagi kutoka kwake. Alipanda ngazi huku Philémon amemshika miguu, akamimina katika tundu la kwanza. "Guylain," alisema, "nilikusikia. Nilikuwa nyuma ya dirisha. Niliogopa. Kunywa, mutoto wangu."

Ukuta ukanywa. Hakuna tone lililoteremka. Jagi likaisha, na Élodie akaguna kwa ile sauti: "Mayi."

Agnès akatoka nje, akalia kwa sauti katikati ya njia, akiwaita majirani majina yao. Kwanza hakuna mlango uliofunguka. Kisha akaja mzee mmoja na bidoni, akaja mwanamke na beseni, wakaja wengine, kila mmoja akipanda ngazi, akimimina, akitaja jina la yule kijana kwa sauti ndogo ya hofu, huku Eulalie akisali bila kupumzika na ile mimezo ikisikika ndani ya matofali, mizito, ya haraka, kisha ya polepole, kisha ya polepole zaidi, mpaka maji ya bidoni ya mwisho yalipofurika tundu la nne na kuteremka ukutani hadi sakafuni.

Hakuna aliyethubutu kuupa ukuta mgongo. Walisimama hivyo hivyo, miguu majini.

Yolande akahisi joto likimwenea mapajani. Élodie alikuwa amemkojolea, kojo jingi lisilokwisha, na alikuwa akilia kwa sauti yake mwenyewe, sauti nyembamba ya mtoto aliyeaibika. Mtu akamletea kanga ajikaushe. Yolande akatikisa kichwa. Alibaki amekaa, nguo imelowa chapachapa, akimbembeleza.