Kwato ya Bahasha

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Somoe alimfunga punda shogi mgongoni, akaning'iniza madumu ya maji huku na huku, akashuka naye bondeni. Kijiji chao cha Chilangala kiko juu, maji yako chini. Punda huyo waliyemwita Bahasha, kwa rangi yake ya kaki, ndiye aliyeinywesha nyumba nzima.

Njia za bondeni zilikuwa mbili: ndefu ya mchanga na fupi ya mawe makali. Baba yake, Dauda, alikuwa amekataza kabisa punda asipitishwe kwenye mawe. Lakini siku moja Somoe alijisahau kisimani akipiga soga na rafiki yake Hamida. Aliposhtuka, jua lilikuwa limeshatoka. Aliogopa kukosa namba ya wanaowahi shuleni na kuchapwa, akashika njia ya mawe.

Katikati ya mwinuko, Bahasha alisimama na kuinua mguu wa mbele. Kipande cha jiwe kilikuwa kimezama chini ya kwato. Somoe alikichokonoa kwa kijiti mpaka kikatoka, na damu nayo ikatoka.

Jioni alikumbuka dawa ya bibi yake. Bibi alipaka magaga ya miguuni mafuta meusi yanayochuruzika maganda ya korosho yanapochomwa. Ni mafuta makali yanayobabua ngozi, ila kisigino cha mkulima ni kigumu kama gome, huyastahimili. Somoe aliona kwato nayo ni ngumu. Akayamimina ndani ya kidonda kibichi. Bahasha alitetemeka mwili mzima. Somoe akaziba tundu kwa udongo, akanyamaza.

Siku zilizofuata punda alichechemea, kisha akagoma kupanda mlima. Dauda alimkagua mguu, akaona udongo tu.

"Uvivu huu," alisema. "Amezoea kula bure."

Akamchapa fimbo mgongoni, tena na tena. Somoe alikuwa ndiye aliyeshika kamba. Alitaka kusema, lakini aliogopa fimbo ile isije ikamgeukia yeye. Akaitazama kamba mkononi mwake mpaka kipigo kikaisha.

Hatimaye Bahasha alilala chini na hakuinuka tena. Kwato ilitoa harufu ya uozo. Dauda akamwita afisa mifugo, mama mmoja aitwaye Loyce, aliyehamia Newala kutoka Musoma. Somoe alimwamkia, akaitikiwa, kisha akajibanza mlangoni.

Loyce aliosha mguu, akaufunua kwa kisu.

"Baba Somoe, humu ndani mna weusi. Kama weusi huu umeanzia ndani, mfupa umeshaoza, na sitamwacha ateseke. Nitamchoma sindano alale moja kwa moja. Kama kuna kitu kimemuunguza kutoka nje, naweza kukata nyama iliyokufa nikaikuta iliyo hai. Amepakwa chochote?"

"Hakuna aliyemgusa," alijibu Dauda. "Hapa kwangu hatubahatishi dawa."

Loyce akafungua mkoba wake, akaanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano. Bahasha alikuwa amelaza shavu mavumbini, jicho wazi, nzi wakitembea pembeni yake. Hakuwa na nguvu ya kuwafukuza.

"Nilimpaka mimi," alisema Somoe. "Mafuta ya korosho."

Yaliyobaki yakamtoka yote: njia ya mawe, jiwe, udongo. Dauda aliitazama fimbo iliyoegemea ukuta. Hakuichukua. Alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Loyce aliweka bomba pembeni, akashika kisu. Alikata mpaka damu nyekundu ikaonekana. Kisha akaagiza: asubuhi na jioni mguu ulowekwe kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi, ufungwe kitambaa safi, juu yake mpira wa tairi kama kiatu.

Maji hayo yalitoka bondeni, na wa kuyabeba alikuwa amelala. Somoe aliyapandisha kichwani. Mara nyingi alikosa namba, akachapwa, asilalamike.

Msimu wa korosho ulipofika, Bahasha alikuwa anasimama. Kwato ilikuwa imeota upande. Loyce alisema ataishi, ila bondeni hatashuka tena. Mgongoni, pale fimbo ilipochana ngozi, manyoya yalikuwa yameota meupe.

Jioni moja Dauda alimkuta Somoe akimfunga mguu. Akapapasa michirizi ile meupe.

"Nilimpiga asiye na kosa," alisema. "Hilo ni langu, nitalibeba. Lakini na wewe sikiliza, mwanangu. Ulidhani ukinyamaza adhabu itapotea. Haikupotea. Ilimwangukia asiyeweza kujitetea. Siku nyingine ukikosea, njoo uniambie mapema, hata kama nimekasirika."

"Nitasema, baba."

Akafunga fundo, akachukua dumu tupu, akashika njia ndefu ya mchanga.