Dole Gumba la Bibi Vyungu

Nyumbani wananiita Chapuchapu, na jina hilo sikupewa bure. Kila asubuhi nikiosha vyombo, mama hukagua sufuria mojamoja huku akiguna, maana nilikuwa na tabia ya kusugua ndani na kusahau chini. Nikifagia uani, kuku waliukuta uchafu wao palepale walipouacha. Kazi yangu iliisha kabla ya kazi za wenzangu wote, na mimi nilijivunia jambo hilo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilidhani kumaliza ndiyo kazi yenyewe.

Siku moja mwalimu aliingia darasa la sita na bunda la fomu. Habari za mradi wa umeme wa jua tulizijua sote. Paneli zilipangwa kuwekwa kule juu kwenye mawe, mahali ambapo hata mbuzi hawapapendi. Sasa wenye mradi walitaka kubadilisha ramani. Mwamba wa huko ulikuwa mgumu mno, nguzo hazikuingia, kwa hiyo waliomba kushuka hadi uwanda wa kando ya kijito na kuuzungushia uzio. Kabla afisa mipango hajaamua, kila nyumba ilitakiwa kutoa maoni.

"Wazee wengi hawaoni maandishi haya madogo," mwalimu alisema. "Nyinyi mtakuwa macho yao. Kila mmoja nyumba saba. Soma fomu yote, onyesha ramani, uliza, kisha andika jibu kama mtu alivyolisema. Halafu mtu mwenyewe atie sahihi au dole gumba. Mwenyewe. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mwalimu," tuliitikia, mimi kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jumamosi nilianza mapema, na nyumba sita nilizifanya vizuri, haki ya Mungu. Kinyozi alinisimulia ujana wake wote kabla ya kusema ndiyo. Fundi cherehani alitafuta miwani yake muda mrefu, nayo ilikuwa kichwani. Ilipogonga saa nane ilikuwa imebaki nyumba moja tu, ya Bibi Vyungu, mfinyanzi anayeishi peke yake ng'ambo ya kijito. Kwenda nusu saa, kurudi nusu saa, na bibi huyo hamwachilii mgeni kabla hajamwonyesha kila chungu alichofinyanga. Saa tisa tulikuwa na mechi ya mpira wa pete, na mfungaji ni mimi.

Nikajiambia, nani atakataa umeme? Nikaketi juu ya jiwe, nikatia alama ya vema kwenye ndiyo, nikaandika "sina pingamizi." Kisha nikabonyeza dole gumba langu kwenye wino na kulibandika kwenye fomu. Lilitoka safi, mistari yote ikaonekana. Mechi tulishinda.

Wiki iliyofuata mkutano ulifanyika shuleni. Nilikaa karibu na baba, ambaye ni fundi baiskeli na bado alinuka grisi. Afisa mipango alikuwa mama mmoja mtaratibu, mwenye sauti ya chini iliyofanya watu wanyamaze ili wamsikie. Alibandika ramani ubaoni, akaeleza mabadiliko, kisha akafungua faili.

"Nyumba zilizo karibu na uwanda hazina pingamizi," alisema. "Hata mfinyanzi, ambaye ndiye jirani wa karibu kabisa, amekubali."

Bibi Vyungu akasimama polepole, mkono kiunoni. "Nimekubali nini, mwanangu? Mimi habari hizi nazisikia leo. Hapo mlipopaka rangi ya bluu ndipo ninapochimba udongo, na mama yangu alichimba hapohapo. Udongo wa kwingine unapasuka motoni. Mkiweka uzio, mimi nitafinyanga nini?"

Nilikuwa nimeishika ramani ile mikononi mwangu, na wala sikufikiria udongo.

"Lakini bibi, fomu yako ninayo," afisa alisema. "Ina dole gumba lako."

Bibi Vyungu akaenda mbele, akaitazama, akacheka. Aliomba wino, akabonyeza dole lake kwenye karatasi tupu. Likatokea doa jeusi, halina mstari hata mmoja. "Miaka hamsini ya udongo imekula mistari yote," alisema. "Dole langu limekuwa laini kama kitako cha chungu. Hili lenu lina mistari kama shamba lililolimwa jana. Tena dogo."

Watu wakaanza kunung'unika. Kinyozi akamnyooshea kidole kijana wa kampuni yenye mradi, aliyekaa pembeni. "Ni hawa. Wamejijazia fomu wenyewe ili wapate ardhi."

"Sisi hatujagusa fomu hata moja," kijana alisema, lakini nani alimsikiliza? Wawili watatu walishasimama. Uso wake ulijaa jasho, na mimi dole langu nimelificha ndani ya ngumi. Niliona aibu, na niliogopa, lakini kumtazama yule kijana akibeba kosa langu kulinishinda. Nikapiga moyo konde, nikasimama.

"Ni langu," nilisema. "Kwa bibi sikufika. Niliwahi mechi."

Baba aliinamisha kichwa. Afisa mipango akanigeukia.

"Fomu zako nyingine ni zipi?"

"Ya kinyozi, ya fundi cherehani, na nyingine nne. Hizo sita niliuliza kweli."

"Pengine," alijibu kwa upole. "Lakini mimi nitajuaje?" Akazitoa zote saba kwenye faili, akaziweka kando. "Natoa wiki moja. Nyumba hizi zisomewe upya, mbele ya mtu mzima."

Hapo ndipo machozi yaliponitoka. Kazi yangu nzuri ya nyumba sita ilikuwa imekwenda na ile moja mbaya. Nilipomwomba radhi kijana wa kampuni, alijipangusa jasho na kusema, "Ahsante kwa kusimama, mdogo wangu."

Jumamosi baba alifunga karakana, tukaanzia kwa Bibi Vyungu.

"Shikamoo, bibi. Nisamehe."

"Marahaba. Kaa kwanza."

Alinionyesha kila chungu, na safari hii niliviangalia. Kisha nikamsomea fomu yote.

"Andika," alisema. "Umeme nautaka, macho yangu yamechoka na kibatari. Ila machimbo yangu na njia ya kuyafikia vibaki nje ya uzio."

"Basi?"

"Basi. Ulidhani nitasema mengi?"

Jibu lake lilichukua mistari miwili. Kwa kinyozi ilibidi tusikilize ujana wake tangu mwanzo, na baba akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hiyo ndiyo adhabu yangu, yeye haongezi nyingine.

Mkutano wa pili ulikuwa mfupi. Afisa alibandika ramani mpya. Mstari wa uzio ulifika karibu na kijito, ukapinda, ukayaacha machimbo na njia yake. Paneli za sehemu ile zilisogezwa upande wa pili. Watu walipiga makofi, na Bibi Vyungu akanikonyeza.

Siku iliyofuata aliniita nifinyange chungu changu mwenyewe. Kilinichukua mchana kutwa, na kilitoka kimekaa upande.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema, akikizungusha mkononi. "Najua hukunitakia mabaya. Lakini mtu akiulizwa jambo lake, jibu ni lake, hata kama wewe unadhani unalijua. Ukimjibia, umemnyamazisha. Tena kazi uliyopewa kwa kuaminiwa, ifanye yote. Ukiiharibu sehemu moja, watu wataitilia shaka hata ile uliyoifanya vizuri."

"Nimeelewa, bibi."

"Haya, weka dole lako hapa chini. Ndivyo tunavyoonyesha kazi ni ya nani."

Nililibonyeza kwenye udongo mbichi. Chungu kile kipo jikoni kwetu, tunawekea chumvi. Mama bado hukagua sufuria kila asubuhi, akizigeuza kutazama chini, na siku hizi haguni.