Mkate wa Mgeni

Kiini kimoja kilikuwa kimemegwa.

Delmira Ojeda alikiona asubuhi alipokuwa akitoa trei ya viini vya mchanga tanurini. Vingine vyote vilikuwa vimeiva vizuri, vya rangi ya kahawia, vigumu, na ukivigonga kwa kucha vinalia. Hiki kilikuwa na pengo ubavuni, pana kiasi cha kuingiza vidole viwili. Kama kingekuwa kimevunjika, vipande vyake vingekuwa pale chini. Trei ilikuwa safi.

Alikipeleka kwa Ramona Zapico, mjane aliyefanya naye kazi meza moja. Ramona alikitazama mara moja tu akarudi kwenye mchanga wake.

"Panya," alisema. "Unatia unga wa mahindi na molasi humo, halafu unashangaa wageni wakija kula? Mimi mwenyewe siku nyingine nakitamani."

Delmira hakucheka. Alikitupa kiini kwenye pipa la mabaki, akaosha mikono, akaiosha tena.

Sisi tuliokulia upande huu wa Rosario, katikati ya reli na mto Paraná, harufu ya mafuta ya kitani yanayochemka tunaijua kabla hatujajua kutembea. Inaingia kwenye mapazia, kwenye nywele za mama zetu. Katika karakana ya kusubu chuma aliyofanyia kazi Delmira, wanaume walimwaga chuma na kupiga kelele, na wanawake walitengeneza viini. Unachukua mchanga wa mtoni, unauchanganya na mafuta hayo, unga wa mahindi na molasi mpaka ushikane kiganjani, unaushindilia kwenye boksi la mbao, unaupindua kwenye trei, unaoka. Kisha wanaume wanakiweka kiini ndani ya kalibu na kukizungushia chuma cha moto. Mafuta yanaungua, mchanga unamwagika, na pale kilipokuwa kiini panabaki uwazi, ambamo maji ya pampu yatapita. Wanaume wanajisifu kwa chuma. Ukweli ni kwamba pampu ni tundu, na tundu linatengenezwa na wanawake.

Mafuta yenyewe yalichemshwa kila Ijumaa katika banda la nyuma, lililoungana na chumba cha viini. Yakiwa mabichi hayashiki mchanga, na yakipitiliza yanashika moto na banda zima linakwenda. Kipimo kilikuwa kipande cha mkate mkavu. Unakidondosha chunguni, kinazama, kinaibuka, kinazunguka, na kikipata rangi ya tandiko la farasi unaondoa kuni. Kazi hiyo ilikuwa ya Ramona miaka mingi, mpaka moshi ulipomharibia macho, ndipo akampa Delmira chungu pamoja na sharti lake.

Sharti lilikuwa hili: mkate ule hauliwi. Unawekwa kizingitini juu ya kigae, na wewe huangalii nyuma. Ni wa Mgeni.

Katika miaka ya njaa, watu wasio na makao walipita kufuata reli, kila mtu na furushi lake. Mmoja wao aliacha kupita. Kila Ijumaa aliketi kizingitini mwa banda akisubiri kile kipande cha mkate, na inasemekana hakuna aliyemwona akila kitu kingine. Jina lake hakulitaja. Msimamizi wa wakati huo, mtu wa roho ndogo, alichoshwa naye, akakataza asipewe. Kesho yake walimkuta pale pale amekufa, na walipotaka kumfunga kidevu walikuta mdomo umejaa mchanga wa viini. Tangu hapo mkate wake unawekwa, na wafanyakazi wakiamka usingizi wa mchana wanakuta haupo. Pengine ni mbwa. Hakuna aliyewahi kukaa kuhakikisha.

Sasa turudi kwa Delmira. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na alikwisha kuzika watoto wawili kabla hawajafika wakati wa kubatizwa. Mumewe Anselmo, kuli wa bandarini, alikuwa amechonga kitanda cha mtoto kwa mbao za masanduku, lakini alikifunika gunia na kukisukuma uvunguni, na wote wawili walijifanya hakipo. Mimba hii ndiyo iliyokuwa roho yake. Alitembea nayo polepole, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa.

Viini viliendelea kumegwa. Msimamizi wa sasa, Bragagnolo, alitega mitego na kuleta paka, na mitego haikunasa kitu. Paka alilala kwenye chumba cha viini siku moja tu, na hakuna aliyefaulu kumrudisha ndani, hata kwa utumbo wa samaki.

Kisha ukaja mchana wa joto kali, saa ile karakana inapofungwa mdomo, wanaume wamelala chini ya miti uani na hata mbwa hawabweki. Sisi huku hatuogopi sana usiku. Saa tunayoiogopa ni hiyo, jua likiwa wima na kila mtu amelala. Delmira alibaki kulinda tanuri, akajilaza juu ya magunia. Akiwa nusu usingizini alisikia kitu kikitafuna.

Kilitafuna bila haraka, kama mzee anayeutunza mkate wake wa mwisho, na mchanga ulisagika kwa sauti iliyomtia ganzi kwenye fizi. Alifikiri kiko nyuma ya rafu. Aliinuka kwa kiwiko, akachungulia nyuma ya rafu, na hapakuwa na kitu, ila harufu ya nguo zilizolowa mvua na kukaukia mwilini mwa mtu, na sauti ilikuwa karibu zaidi. Akageuka kuelekea tanuri, nayo ikageuka naye. Akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, na badala ya kupungua ikaongezeka, ikajaa kichwa kizima, mpaka viganja vyake, vilivyokuwa vimebana mashavu, vikahisi kwamba taya lililokuwa likipanda na kushuka, likipanda na kushuka bila yeye kuliamuru, lilikuwa taya lake mwenyewe.

Alitema. Mchanga ulitoka mweusi wa mafuta. Na tumboni mtoto aligeuka, mzito, kama mtu anayejipangia mahali pa kulala.

Hakumwambia mtu. Angesema nini, na kwa nani? Lakini chuma kilimsemea.

Wiki hiyo Bragagnolo alipasua pampu iliyokataa kupitisha maji. Mle ndani, palipotakiwa kuwa na uwazi, palikuwa na donge la chuma. Kiini kibovu kilikuwa kimepita bila kuonekana, na chuma kilijaza pale palipomegwa, kila mkunjo na kila mkwaruzo, jinsi chuma kinavyofanya. Alilileta donge kwenye meza ya wanawake, limefungwa kwenye kitambaa, wala hakupaza sauti.

"Si panya," alisema.

Juu ya donge palikuwa na safu ya meno ya mtu, ya juu na ya chini, wazi kabisa. Mbele, kwenye safu ya juu, kulikuwa na nafasi ya jino moja. Bragagnolo alimtazama Delmira mdomoni, kisha akatazama pembeni kwa aibu, akafanya ishara ya msalaba na kuondoka akiliacha donge mezani. Delmira alikuwa amepoteza jino hilo wakati wa mimba yake ya kwanza.

Ramona, ambaye macho yake hayakuona vizuri, alilipapasa donge kwa vidole.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini. "Mkate wa Ijumaa unauweka?"

"Nauweka."

"Delmira."

"Mmoja," alisema Delmira, na machozi yakamtoka. "Mmoja tu niliula. Ulikuwa unanukia, Ramona, hujui ulivyokuwa unanukia. Nilihisi nisipoula nitazimia. Nikasema mimba inatamani, Mungu anajua mambo ya mimba."

Ramona aliiondoa mikono yake kwenye chuma. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Maskini wewe. Umemnyang'anya mtu asiye na mdomo, na wewe una miwili."

Jioni hiyo hiyo alimpeleka kwa doña Eufrasia, mganga aliyeishi nyuma ya reli. Doña Eufrasia alitibu wagonjwa wa tumbo kwa utepe, kama walivyomfundisha kwao Santiago. Mgonjwa anashika ncha moja penye tumbo, yeye anapima kwa mkono kutoka upande wa pili, mara tatu, na utepe unaonyesha kilicholiwa kimekwama wapi. Alipima mara ya kwanza, kiwiko chake kikafika kifuani mwa Delmira. Mara ya pili kikafika shingoni. Mara ya tatu aliacha katikati, akaukunja utepe na kuutupa motoni.

"Anakula kwako, mwanangu, lakini bado hajaamua kukaa," alisema. "Mtu huyu alikufa akiwa amekataliwa, kwa hiyo hafukuzwi. Ukimfukuza, ataingia ndani zaidi. Anakaribishwa nje. Mkate wake utampa kwa mkono wako, saa ya jua wima, na usiuvute mkono hata iweje. Baada ya hapo kila Ijumaa utazame kigae. Mkate ukiwa umekwenda, shukuru. Siku utakayoukuta haujaguswa, ujue ana chakula mahali pengine."

Ijumaa Delmira alichemsha mafuta. Aliudondosha mkate, ukazama, ukaibuka, ukazunguka, na harufu yake ilimjaza mate mpaka yakachuruzika kidevuni. Alilia kwa njaa, njaa isiyo yake. Ramona alisimama nyuma yake amemshika mabega.

Delmira alifika kizingitini, akafungua mlango, na jua likampiga usoni. Alinyoosha mkono, mkate ukiwa juu ya kiganja.

"Mgeni," alisema. "Karibu ule. Tulikosea."

Uani hapakuwa na mtu, wanaume walikuwa wamelala chini ya miti, hapakuwa na upepo, na bado ile harufu ya nguo zilizokaukia mwilini ilikuja, ikamkaribia, ikasimama mbele yake, na taya lake likaanza kwenda lenyewe, polepole, tupu, na kwenye kiganja akahisi ndevu, ndevu ngumu zenye vumbi, kisha midomo mikavu iliyopasuka ikitafuta, na alitaka kuuvuta mkono kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani, lakini alifikiria kitanda kile kilichofunikwa gunia uvunguni, akafumba macho akauacha mkono pale mpaka uzito wa mkate ukaondoka.

Alitapika mchanga na mafuta mpaka Ramona akadhani atatapika na mtoto. Alipomaliza, taya lake lilikuwa limetulia.

Tangu siku hiyo viini havikumegwa tena. Kila Ijumaa mkate uliwekwa, na kila Ijumaa kigae kilikutwa kitupu. Mtoto alizaliwa mzima, wa kike, akilia kwa nguvu hata majirani wakagonga ukuta wakicheka. Walimbatiza upesi wakamwita Leocadia. Anselmo aliondoa gunia kwenye kitanda, akakaa chini mbele yake akalia kama mtoto, na hakuna aliyemtania. Delmira alirudi kazini na binti yake ndani ya sanduku lililotandikwa blanketi, akamweka chini ya meza. Ramona alimwimbia, akimtukana kwa mapenzi kwamba ana pua ya Bragagnolo. Walikuwa na furaha. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu haikudumu.

Ijumaa moja Leocadia alikataa ziwa tangu asubuhi. Hakulia, wala hakuwa na homa. Aligeuza tu uso, kama aliyeshiba. Delmira alichemsha mafuta, akaweka mkate kwenye kigae, akajilaza kwenye magunia.

Alipoamka jua lilikuwa bado wima. Alikwenda kizingitini kama kawaida yake.

Mkate ulikuwepo, mzima. Wala sisimizi hawakuupanda.

Alisimama pale na baridi ikampanda miguuni, na nyuma yake, kutoka chini ya meza, akasikia kitu kikitafuna bila haraka.

Alirudi akapiga magoti. Leocadia alikuwa macho, ametulia, akimtazama mama yake kwa upole, na midomo yake ilikuwa nyeusi kwa mafuta. Delmira alimtia kidole mdomoni ili autoe mchanga. Fizi zilikuwa laini, za waridi, za mtoto wa miezi minne ambaye hajaota hata jino moja. Aliziona kwa macho yake. Kisha mdomo ule mdogo ukafunga taratibu juu ya kidole chake.

Ramona alipoingia alimkuta ameketi sakafuni, damu inamtiririka kiganjani, kidole bado kimo mdomoni mwa mtoto. Alimwita mara mbili. Delmira hakugeuka. Midomo yake ilikuwa ikicheza, naye alikuwa akihesabu meno yaliyomshika kidole, moja baada ya jingine, na alipofika mbele, kwenye ile nafasi ya jino moja, akaanza upya.