Dundu wa Bibi Isetnofret

Gati la Thebe lilifurika watu wa sikukuu siku Henuti, mfumaji wa sanda, alipompamia Pashedu mchongaji. Kikapu kikamponyoka kijana, hirizi za maiti zikatawanyika chini.

"Dada, umewamwagia marehemu kinga yao!"

"Na wewe umesimama njiani kama sanamu la hekalu!"

Gauni lake jeupe la kitani lilimkaa barabara, wanja umemkolea machoni. Pashedu akasahau kuokota. Haukupita muda, mji mzima ukajua wanapendana.

Ndipo akaja Bibi Isetnofret, mjane tajiri aliyenukia manukato tangu kona ya mtaa. Alijiagizia dundu wa jiwe la kijani, hirizi ya umbo la mdudu, awekwe kifuani pake akifa, ili moyo wake usimsemee mabaya kwenye mizani ya wafu. Kila siku alikuja karakanani, akakaa, akacheka, akamshika Pashedu mkono.

"Kazi gani hiyo isiyoisha?" Henuti aliuliza.

"Anabadilisha maneno ya kuchonga, mpenzi."

"Maneno, au anajibadilishia mume? Jana kakulisha tini. Nilikuona ukilamba vidole!"

Pashedu akacheka. Afadhali angenyamaza. Alipotoka kuteka maji, Henuti alimnyakua yule dundu, akaliona jina la mwanamke mwingine limechongwa kwa upole, akaenda kumtupa mtoni.

Pashedu alipekua karakana yote. Henuti kimya. Kabla hajachonga mwingine, habari zikaja: Isetnofret amefariki. Pashedu akalia kama mtoto.

"Unamlilia hivyo mbele yangu?"

"Alikuwa akikohoa damu, Henuti. Aliniapisha nisimwambie mtu. Kwake walishaanza kugombania viti vyake, naye yu hai. Alikuja kwangu ili asiogope peke yake. Sasa ataifikia mizani bila dundu wake."

Henuti akakiri: "Nilimtupa mimi. Mtoni."

Pashedu akamfungulia mlango. "Ondoka."

Akaondoka. Mwili wa Isetnofret ulikuwa bado kwa wapaka dawa, ukikaushwa kabla ya maziko. Henuti akazitoa bangili alizoachiwa na mama yake, akapewa kipande cha jiwe la kijani. Asubuhi akaliweka mbele ya Pashedu, akaketi chini bila kukaribishwa.

"Wewe chonga. Mimi nitasugua."

Walifanya kazi siku nyingi bila kusemezana. Henuti alilisugua jina lile kwa mchanga mpaka vidole vikachubuka, mpaka likang'aa.

"Bado una wivu?" hatimaye Pashedu aliuliza.

"Ninao. Kafa, na bado kapata kazi nzuri hivi."

"Dundu wako atakuwa mbaya. Nitakuchongea nikiwa mzee, mikono inatetemeka, nawe kikongwe humo ndani unanifokea."

"Humo ndani mwa nani?"

"Mwangu. Mwetu. Ukikubali."

Henuti alifuta machozi kwa kiganja chenye vumbi la kijani, akageuka kukikagua chumba cha Pashedu nyuma ya karakana.

"Basi ondoa hayo mawe kitandani. Mimi nitalala wapi?"