Pezi Namba Kumi na Tano

Kila siku akitoka shule, Lombe alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mtu mwingine nyumbani aliyeiweza kama yeye: kuokota pini. Baba yake, fundi Anaclet, alishona nguo katika chumba cha mbele cha nyumba yao, katika mtaa uitwao Kenya, jijini Lubumbashi, na pini zake zilitapakaa kila mahali. Lombe alikuwa amefunga sumaku ya redio mbovu kwenye uzi. Aliiburuta sakafuni huku na huku kama mtu anayetembeza mbwa, na pini zikaruka zenyewe na kunata. Baba alisema binti huyo angeweza kupata hata pini iliyopotea kabla hajazaliwa.

Mwezi huo wa sita kulikuwa na baridi asubuhi, vumbi mchana, na mgeni nyumbani. Mgeni mwenyewe alikuwa Angélique, mdogo wake mama, ambaye Lombe alimwita mama mdogo. Alifanya kazi mbali sana, Muanda, kule ambako Kongo inagusa bahari. Kazi yake ilikuwa kuhesabu pomboo wachache wanaoishi karibu na pwani. Alikuwa amekuja likizo, lakini kazi aliibeba ndani ya sanduku, na jioni ya pili tu meza ya kulia chakula ilikuwa imejaa picha.

"Banakulipa juu ya kuhesabu samaki?" aliuliza Marie-Thérèse, mama yake fundi Anaclet. Lombe alimwita Kambo, kama watoto wa mji huo wanavyowaita babu na bibi zao.

"Haina samaki, mama," Angélique alijibu akicheka, akimwita pomboo kwa jina lake la Kifaransa. "Dauphin inapumua hewa sawa siye, na inanyonyesha mutoto."

"Na unajua namna gani kama haukuhesabu moja mara mbili? Yote inafanana!"

"Kuku zako je? Unazijua namna gani?"

Kambo alijinyoosha kwenye kiti. Ukitaka kumfurahisha bibi huyo, mwulize habari za kuku wake. "Ile nyeupe iko na kidole ya kukatika. Ile nyeusi, kishungi inaanguka kushoto. Hata bakiiba usiku, asubuhi nitaitambua."

"Basi njo vile vile," alisema Angélique.

Akawaonyesha. Kila picha ilikuwa ya pezi la mgongoni, lile ambalo pomboo hulitoa majini anapopanda kuvuta pumzi. Hakuna mapezi mawili yanayofanana kabisa. Moja lina pengo juu, jingine lina mapengo chini, jingine limepinda ncha. Mama mdogo alikuwa na karatasi za pomboo kumi na wanne, na kila mmoja alikuwa na namba na jina. Pembeni aliweka rundo la picha mpya, zilizopigwa mwaka huu. Kazi ilikuwa kulinganisha: nani ameonekana tena, na nani hajaonekana. Kwa kuwa umeme ulikatika karibu kila siku, alikuwa amezichapisha zote kwenye karatasi nyembamba badala ya kutegemea kompyuta.

Lombe, mwenye macho ya kuona pini gizani, aliomba kusaidia. Angélique akakubali, ila kwa sharti. Kwenye kila picha alichora visanduku vitatu.

"Ya kwanza, angalia ncha. Ya pili, hesabu mapengo. Ya tatu, geuza picha, uiweke ku dirisha, uangalie kwa nyuma. Dauphin inaweza kupita kushoto ya bwato ao kuume. Ukishafanya kitu, unatia alama. Haujafanya, hautie. Tumesikilizana?"

"Tumesikilizana, mama mudogo."

"Na ukipata yenye haijulikane hata kidogo, weye njo utaipatia jina."

Maneno hayo ya mwisho yalimwingia Lombe kichwani yakakaa humo, yakayasukuma mengine yote nje. Kwa siku tatu alilinganisha picha kwa bidii ya kweli. Alipata kumi na watatu kati ya wale kumi na wanne. Mmoja tu hakuonekana, namba saba, aliyeitwa Princesse. Princesse alikuwa na pengo moja kubwa na mawili madogo, na alijulikana kwa upande wa kushoto tu.

"Masikini Princesse," alisema Angélique akiishika karatasi yake. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Huyo ndiye pomboo ambaye Angélique alimwona wa kwanza alipoanza kazi.

Jioni ya Alhamisi ikabaki picha moja. Lombe aliitazama ncha, akatia alama. Akahesabu mapengo, akatia alama. Akatazama karatasi zote kumi na nne. Hakuna pezi lililofanana na hilo. Dirishani jua lilikuwa bado lipo, na hatua za kufika huko zilikuwa nne tu. Lakini nje rafiki yake Exaucée alikuwa akimwita waruke kamba, na ndani ya kifua chake kulikuwa na jina lililokuwa likisubiri. Akatia alama ya tatu bila kuinuka.

"Mpya!" akapiga kelele. "Mama mudogo, nimepata mupya!"

Angélique aliziona alama tatu, akamkumbatia. "Namba kumi na tano! Utaiita nani?"

"Kalenga."

Cherehani ya baba ikanyamaza. Kalenga lilikuwa jina la babu, aliyefariki mwaka uliopita. Lombe mwenyewe aliitwa Lombe Kalenga kwa ajili yake. Babu alifanya kazi kwenye reli maisha yake yote, akitazama mabehewa ya shaba yakiondoka kwenda bandarini, na kila Krismasi alisema kwamba mwaka ujao naye atakwenda kuiona bahari. Hakwenda.

Kambo alilia, akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Mzee yangu amefika ku bahari," alisema. Asubuhi ilipofika, wauza mboga wote wa barabara ile walikuwa na habari, na kufikia Ijumaa jioni waimbaji wa kwaya nao walijua. Kambo hakuwa mtu wa kukaa na habari njema peke yake.

Jumamosi baba alikuwa akikata gauni la Gracia, binti wa jirani, ambalo angelivaa siku ya kusomwa matokeo shuleni. Lombe aliburuta sumaku yake chini ya meza. Baba alitandaza kitambaa, akaweka juu yake karatasi ya kukatia mkono wa gauni, ambayo mafundi huiita patron, akaizungushia chaki. Kisha akaigeuza, uso chini, akachora tena.

"Papa, karatasi ya mukono ingine iko wapi?"

"Ingine gani? Patron iko moja. Hivi, mukono ya kushoto. Nikiigeuza, mukono ya kuume. Ukiangalia mbio-mbio utasema iko mbili, mais iko ile ile."

Sumaku ikamponyoka Lombe. Alisimama akiutazama ule mchoro wa pili. Akaenda polepole kwenye chumba cha kulia. Hakukuwa na mtu. Akachukua picha namba kumi na tano, akatembea zile hatua nne hadi dirishani, akaigeuza na kuibandika kwenye kioo. Mwanga ulipita kwenye karatasi na pezi likaonekana kwa nyuma: pengo moja kubwa na mawili madogo. Akaleta karatasi ya namba saba, akaiweka kando yake.

Kalenga alikuwa Princesse.

Lombe akarudisha kila kitu mahali pake. Hakuna aliyemwona. Akajiambia kwamba pomboo hawajui majina yao, kwamba bahari iko mbali, kwamba Kambo alikuwa hajaimba jikoni tangu mazishi na sasa anaimba. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomsaidia. Usiku huo aliacha nusu ya bukari yake, yaani ugali, kwenye sahani, jambo ambalo mama alisema halijatokea tangu alipougua surua.

Jumapili baada ya misa Kambo alimshika padri mkono nje ya kanisa na kumweleza habari yote, kuanzia reli hadi pezi. Lombe alitazama viatu vyake. Maji yakimwagika hayazoleki, na Kambo alikuwa ameyamwaga ndoo nzima.

Nyumbani, Angélique alikaa mezani na kalamu. "Shemeji," alimwambia fundi Anaclet, "unisikilizie hii barua. Iko ya bakubwa ya bavuvi, kule Muanda. Kesho ntaituma." Akaisoma. Ilikuwa barua ya heshima lakini kali. Iliwaambia wavuvi kwamba Princesse hajaonekana mwaka mzima, kwamba pengine amekufa katika nyavu zao, na kwamba mzee Stanislas, ambaye nyavu zake ndizo zilizokuwa karibu zaidi, ajieleze mbele ya wote.

"Huyu Stanislas eko muntu mubaya?" baba aliuliza.

"Apana. Eko muzuri sana, njo inaniumiza. Alinifundisha kuendesha bwato. Mais Princesse haiko, nitafanya nini?"

Lombe alisimama mlangoni na sahani mikononi. Mpaka dakika ile alidhani siri yake ilimhusu yeye, babu na samaki asiye samaki. Sasa kulikuwa na mzee ambaye hajawahi kumwona, anayekaribia kulaumiwa mbele ya watu wake kwa sababu Lombe alikuwa mvivu wa hatua nne.

"Princesse iko!" alisema, na machozi yakatangulia maneno. "Haikufa, mama mudogo. Njo ile namba kumi na tano. Sikugeuza picha. Nilitia alama ya uongo. Nilijua tangu jana, nikanyamaza."

Angélique aliweka kalamu chini, akachukua karatasi mbili, akaenda dirishani. Aligeuza moja. Akatazama kwa muda mrefu sana. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Lombe akajua amemliza. Kumbe alikuwa anacheka.

"Iko muzima!" alipaza sauti. "Princesse yangu iko muzima!" Akamshika shemeji yake mikono, akamzungusha mpaka kipimo cha kupimia nguo kikamwanguka shingoni. Kisha akarudi mezani, akaichana barua ile vipande vinne, akamgeukia Lombe, na kicheko kikaisha.

"Sasa tuzungumuze. Kukosea, mi nakosea kila siku. Mi pia nilikosa: niliona alama tatu, nikaamini, sikuangalia kwa macho yangu. Mais ile alama ya tatu haikukuwa kosa. Ulisema umefanya kitu, na haukukifanya. Unaona fasi ilitaka kufika?"

"Ku mzee Stanislas," Lombe alinong'ona.

"Ku mzee Stanislas. Asante juu umesema mbele barua haijaenda. Sasa kuko muntu mumoja anabakia wa kuambia, na haina kazi yangu."

Lombe alielewa. Kambo alikuwa nyuma ya nyumba akiwatupia kuku mahindi, akiimba. Lombe alimweleza yote bila kuficha hata ile jana ya kunyamaza. Wimbo ukakatika. Kambo aliendelea kutupa mahindi kidogokidogo, mpaka mkono ukabaki mtupu.

"Kwa hiyo mzee yangu hakufika ku bahari," alisema mwishowe.

"Apana, Kambo. Unisamehe."

"Na ile tuliita Kalenga iko mwanamuke? Jina yake Princesse?"

"Njo vile, Kambo."

Uso wa bibi ulikuwa mzito kwa muda. Kisha pembe za midomo zikaanza kumtoroka. "Kalenga, na ndevu zake zote! Princesse!" Akacheka mpaka akashika ukuta, na kuku wakakimbia. "Angesikia hii, angeicheka juma zima. Haya, nimekusamehe. Mais weye njo utanisindikiza ku kwaya, na ku bale ba mboga, na kwa padri. Tulipitisha habari pamoja, tutairudisha pamoja."

Na wakairudisha, nyumba kwa nyumba, Lombe akieleza kila mahali yeye mwenyewe. Masikio yalimwaka moto. Lakini kila alipoeleza, ilikuwa nyepesi zaidi, na usiku ule alimaliza bukari yake akaomba nyingine.

Asubuhi ya safari, Angélique aliwaita wote mezani. Alikuwa ameandika upya karatasi ya namba saba. Sasa ilikuwa na picha mbili, kushoto na kulia. "Tangu miaka ine tulimujua upande moja," alisema. "Sasa hata akipita wapi, tutamutambua. Na hii iko juu ya muntu alirudia ku dirisha wakati hakuna mwenye alikuwa anamuangalia."

Kambo hakuwa na miwani, kwa hiyo alimwomba fundi Anaclet amsomee mstari wa chini. Baba akasoma: "Pande mbili zimelinganishwa na Lombe Kalenga, Lubumbashi."

"Rudilia," alisema Kambo.

Baba akarudia, akimwonyesha kila neno. Kambo aliweka kidole juu ya lile jina la pili, Kalenga, akakiacha hapo.

"Sasa jina ya mzee inaenda ku bahari kweli," alisema. "Uone, mutoto yangu: ulipoipeleka na uongo, ilirudi. Umeipeleka na kweli, inabakia kule."

Angélique akaiingiza karatasi ndani ya sanduku, akafunga, akatoka kwenda kutafuta teksi. Lombe akachukua sumaku yake na kurudi chini ya meza ya baba, kwa maana gauni la Gracia lilikuwa limekwisha na pini zilikuwa nyingi.