Kiti cha Dereva

— Shuka, Marion. Shuka haraka kabla hawajatoka.

Tonny alikuwa ameshazima injini. Nyuma ya van ya shule, taa ya gari nyeupe, Probox, ilikuwa vipande vipande chini. Ndani ya kanisa kwaya iliimba kwa nguvu, hakuna aliyesikia kishindo.

— Si nilikuambia ukate kushoto?

— Najua. Sasa sikiza. Utasema ni wewe ulikuwa unaendesha.

Marion alidhani hakusikia vizuri.

— Mimi?

— Babe, fikiria kidogo. Wewe ni dereva wao, wanakujua, watakusamehe. Mimi ni mgeni, leo ndio unanionyesha kwa kanisa yenu. Na hii Probox ni ya nani?

— Ya Mzee Ephantus.

— Yule atasimama na familia yenu siku ya mahari?

— Huyo huyo.

— Sasa unaona.

Akamtia ufunguo mkononi, akatangulia kuingia ibadani.

Huyu Marion, hapa Gatina, si mtu wa mchezo. Ni mfupi, ndio, lakini akishika usukani hata watu wa boda boda humpisha. Alipoajiriwa kuendesha van ya shule, wazazi walipiga kelele, ati mwanamke hawezi kuaminiwa na watoto wao. Madam Rachael, mwenye shule, akasimama kidete upande wake. Tangu siku hiyo van haikuwa imepata hata mkwaruzo, na Jumapili aliruhusiwa kuitumia kuwaleta akina shosho, wale bibi wazee, kanisani.

Kilichomponza ni mapenzi. Tonny, fundi wa viti kutoka Ayany, aliomba ufunguo mara tu akina shosho waliposhuka. Kaka yake, Jeconia, na wazee wao walikuwa njiani kutoka Kibera, na hakutaka wamkute amebebwa na mwanamke. Leseni alikuwa nayo, mazoezi hakuwa nayo. Marion akampa. Ukipenda, akili huenda likizo.

Wakati wa matangazo, mzee wa zamu alishika maikrofoni.

— Mwenye van ya njano na mwenye Probox nyeupe, tafadhali wafike nje.

Kanisa zima liligeuza shingo. Van ya njano ilikuwa moja tu.

Huko nje Mzee Ephantus alikuwa ameinama akiitazama taa yake. Madam Rachael alikuwa amekunja mikono. Jeconia na wazee wa Kibera, waliokuwa ndio wanafika, wakasimama pale getini.

— Marion, nini kimetokea hapa? — akauliza Madam.

Kabla hajafungua kinywa, Tonny akadakia.

— Ni bahati mbaya tu, Madam. Alikuwa anarudi nyuma, hakuona vizuri. Msimkasirikie.

Ati msimkasirikie. Wanaume wengine wana uso mkavu.

— Si nilisema? — akasema Gikonyo, mmoja wa wale wazazi. — Wanawake na hizi gari.

Madam Rachael akashusha pumzi.

— Marion, kwa ajili yako niligombana na wazazi wote. Kesho nitawaambia nini? Toa gari hapo watu wapite, halafu uniletee ufunguo.

Marion akajua kazi imekwenda, na jina lake nalo limekwenda. Alimtazama Tonny, akamngoja aseme neno. Tonny akaangalia simu yake.

Akapanda garini. Miguu yake ikaning'inia hewani.

Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho, mahali pa kumtosha mtu mrefu. Na ule mto anaokalia kila siku ili aone barabara ulikuwa umetupwa kwenye viti vya watoto. Alijaribu kunyoosha mguu. Kiatu hakikugusa breki.

Madam Rachael alikuwa amesimama mlangoni, akiona yote.

— Ngoja kwanza. Marion, ulikuwa unakanyaga breki na nini?

Madam akainama akatazama breki, kisha kiti.

— Au ulisukuma kiti nyuma baada ya kugonga?

Hapo ndipo alipopewa mlango wa kutokea. Neno moja tu, ndio, na mchumba wake angebaki salama mbele ya wazee wake. Marion akamtazama Tonny mara ya mwisho. Tonny bado alikuwa na simu yake.

— Hapana, Madam, — akasema. — Ufunguo nilimpa mimi. Hilo ni kosa langu na nitalijibu. Lakini hii gari sijaigonga. Tangu unipe kazi sijagonga kitu chochote.

— Tonny, — akaita Jeconia kutoka getini. — Ni ukweli?

Tonny akaitia simu mfukoni, akaelekea getini.

— Fundi wa viti ameumbuliwa na kiti, — akasema shosho mmoja, na watu wakacheka.

Marion hakucheka. Alivuta kiti mbele, akaweka mto wake, akakaa wima. Nafasi kati ya Probox na ukuta ilikuwa finyu, Gikonyo mwenyewe asingethubutu. Alitoa gari mara moja, bila kusita, akalipanga kando ya ua, akashuka na kumpelekea Madam ufunguo.

Madam Rachael akaurudisha kiganjani mwake.

— Kesho watoto watakungoja. Na huu ufunguo usiingie mkono mwingine tena.

— Sawa, Madam.

Walipotafutwa, Tonny na watu wake walikuwa wameshaondoka. Jioni simu ya Marion ikalia. Ujumbe:

"Umenianika mbele ya wazee wangu."

Akajibu:

"Nilikungoja, Tonny. Ungesema neno moja tu, ningekushika mkono mbele yao."

Kisha akazima simu akalia. Alilia sana, maana alimpenda. Lakini asubuhi alikwenda kazini na jina lake.

Jumapili iliyofuata, matangazo yalipokwisha, mtu mmoja mrefu aliinuka kiti cha nyuma akaomba maikrofoni.

— Mimi naitwa Tonny Ouma, fundi wa viti, Ayany. Jumapili iliyopita niligonga gari ya Mzee Ephantus, halafu nikamsingizia Marion. Taa nimeshamwekea mzee nyingine. Lakini nilimsingizia hapa kwenu, kwa hivyo nakuja kusafisha jina lake hapa. Van ya shule huwa haigongi kitu akiendesha yeye. Madam, wazazi, mnisamehe.

Jeconia na wazee walikuwa wameketi karibu naye. Aliwaleta makusudi wasikie.

Ibada ilipoisha, Tonny alimkuta Marion kando ya van. Alikuwa amebeba kitu kwenye mfuko.

— Sasa, Marion.

— Poa. Unataka nini?

— Nimekutengenezea hii.

Ulikuwa mto mpya, sponji ngumu, umeshonwa ngozi nyeusi, na kamba za kuufunga kwenye kiti usiondolewe na mtu yeyote.

— Uliupimaje?

— Nakujua kimo chako, bana. Niliona haya kubebwa na wewe. Nilikuwa mjinga. Mimi ndio napaswa kujivunia wewe.

Marion aliukandamiza mto kwa kiganja, akaugeuza, akatafuta kasoro. Hakuna.

— Mto nimechukua. Wewe bado nakuangalia.

— Niangalie tu. Lakini nipe lift mpaka Ayany.

— Tonny, — akaita Jeconia, — si uje twende wote na hii taxi tumeita?

Wazee walikuwa wanatazama. Gikonyo alikuwa anatazama. Tonny akazunguka, akafungua mlango wa abiria mwenyewe, mbele yao wote.

— Zii, siji. Mimi nabebwa na dereva wangu.

Marion alifunga kamba za mto, akapanda. Aliuma mdomo ili asitabasamu mapema, lakini tabasamu lilimshinda.

— Funga mshipi, — akamwambia.

Akaanza kurudi nyuma. Mzee Ephantus alikuwa amesimama kando ya Probox yake akizungumza na Madam Rachael. Alisikia van inakuja, akageuka, akaona ni nani aliye kwenye usukani, akaendelea na mazungumzo yake bila kusogea hata hatua moja.