Rauta ya Mama Kaimu Si ya Kujaribia

Jua likianza kupoa, Hajira huacha kila kitu. Mtaani kwake Ruangwa wanamwita Mama Kaimu, na wote wanajua saa hiyo hashikiki. Kisamvu kitasubiri, hata wageni watasubiri. Anaegemeza simu kwenye chupa ya chai na kuzungumza na mdogo wake Hadija, aliyeolewa Nachingwea.

Wanazungumza kwa mikono. Hadija ni kiziwi tangu utotoni. Shule hakupelekwa, kwa hiyo hata ujumbe wa kuandika haumsaidii. Picha ya video ndiyo sauti yake. Kwake Nachingwea simu inashika vizuri. Tabu ilikuwa kwa Hajira, maana mtaani kwake mtandao wa simu ni dhaifu, picha ilikuwa ikiganda. Ndipo akanunua rauta, kile kisanduku kinachosambaza mtandao nyumbani. Na sasa Hadija alikuwa mjamzito, tumbo kubwa, kwa hiyo hawakupitisha siku bila kuonana.

Basi akaja Mahamudu, fundi simu wa jirani. Yeye na Hajira ni watani wa kabila, hawaishi kuchokozana.

"Mtani, rauta yako inasuasua," alisema. "Niiongezee mwendo?"

"Haitaharibika?"

"Kwani mimi fundi au muuza maandazi?"

Akaunganisha kompyuta yake, akabonyeza hapa na pale. Kisha akasema anakwenda kuswali, atarudi. Hakueleza anafanya nini. Hakusema kisanduku kisiguswe.

Muda si muda, radi ikanguruma. Huku kwetu radi ikinguruma, mwenye akili zake anachomoa nyaya zote ukutani. Hajira akachomoa ya runinga, ya friji na ya rauta. Mvua ilipopita akazirudisha. Rauta ikawasha taa moja nyekundu, ikabaki hivyo hivyo. Mtandao hakuna.

"Umeiua mwenyewe, mtani," Mahamudu alisema aliporudi. "Nilikuwa naibadilishia programu ya ndani. Ukikata umeme katikati, kwisha kazi."

"Programu gani?"

"Si ya kiwandani. Imetengenezwa na watu wengine, ipo mtandaoni, wanaisifu sana. Nilitaka kuijaribu."

"Ukaijaribu kwangu?"

"Sasa hasira za nini, mtani? Kisanduku tu hicho."

Damu ikamchemka Hajira. Kisanduku tu! Mkuki kwa nguruwe mtamu. "Mahamudu, utani una mahali pake," alisema. "Umemziba mdogo wangu mdomo, halafu unanichekea. Toka nyumbani kwangu."

Jioni akampigia Jamali, mume wa Hadija. "Hajambo, shemeji, amechoka tu," Jamali alisema. Kesho yake, jibu lilelile: amechoka tu. Hajira alikasirika mpaka chakula kikamshinda. Habari za mdogo wake sasa zilipita kwenye mdomo wa mtu mwingine, na zilifika zimepunguzwa.

Asubuhi iliyofuata akaifunga rauta kwenye kanga, akapanda bodaboda hadi kwa Dionisia, fundi wa kompyuta mwenye ofisi karibu na stendi.

"Kosa ni langu?" Hajira aliuliza baada ya kumsimulia yote. "Mimi ndiye niliyechomoa waya."

Dionisia aliigeuza rauta chini juu. "Ulichomoa kwa sababu ya radi, na ulifanya sawa. Hukuambiwa kitu. Kosa ni la aliyeanza kazi hii huku wingu limetanda, akaondoka. Kazi hii inataka umeme wa uhakika na betri ya akiba. Tena tazama kibandiko hiki. Rauta za jina moja zina matoleo tofauti. Alikuwekea programu ya toleo gani?"

Hajira akampigia Mahamudu simu palepale. Mahamudu akakiri. Kibandiko hakukisoma.

"Kwa hiyo hata nisingechomoa?"

"Hata usingechomoa, ingeweza kufa."

Hajira akainuka kwenye kiti. "Ukichoma korosho unatoa moja, unaipasua, unaonja," alisema. "Huyu kachoma debe zima, tena debe la mwenzie, na hakuonja hata moja."

"Ndiyo hivyo," Dionisia alisema. "Programu hizi zenyewe si mbaya. Nyingine zinaipa rauta ya zamani ulinzi mpya. Lakini fundi anajaribu kwanza kwenye rauta yake mwenyewe, ya toleo lilelile. Anaiacha ifanye kazi siku kadhaa. Anaangalia kama inapata moto, kama nywila bado inafanya kazi, kama mtandao unakatika. Anatunza nakala ya mipangilio ya mwenye mali, na anakuwa na programu ya kiwandani mkononi ya kurudishia. Na kabla ya yote anamuuliza mwenye mali, anamweleza na hatari. Ukikataa, imekwisha."

Akaiunganisha rauta na kompyuta kwa waya. Akabana kitufe cha nyuma huku anaiwasha, akairudishia programu ya kiwandani ya toleo lake. Taa nyekundu ikazimika. Ya kijani ikawaka.

Hajira hakungoja jioni. Alifika nyumbani, akapiga video. Hadija alipotokea, uso wake ulikuwa umevimba. Mikono yake ilikwenda mbio: kichwa kinagonga, macho yanaona vimulimuli. Akashusha simu, akaonyesha miguu. Ilikuwa imejaa.

Hajira akampigia Jamali. "Huo si uchovu, baba. Hizo ni dalili za hatari kwa mjamzito. Mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje hata chai."

Hospitalini walimkuta na shinikizo la damu limepanda vibaya. Walimlaza, wakamtibu, na wakamzalisha salama mtoto wa kike. Daktari alimwambia Jamali kuwa wangechelewa zaidi, angewapoteza wote wawili.

Mahamudu aliposikia, utani ulimwisha. Alitafuta rauta chakavu za matoleo tofauti akazipanga kibandani kwake, na sasa kila programu mpya anaijaribu hapo kwanza. Kisha akaja kuomba radhi. Hajira alimketisha mbele ya simu.

Hadija alikuwa amempakata mwanawe. Alipoambiwa huyu ndiye yule fundi, alimpa Jamali mtoto ili mikono yake iwe huru. Halafu akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, vidole vikichapa hewa, macho yakimtazama Mahamudu bila kupepesa.

"Anasemaje?" Mahamudu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Anasema siku nyingine ukitaka kujaribu," Hajira alisema, "jaribu kwanza kuuziba mdomo wako mwenyewe."